Hospitalini Nani Aonwe Kwanza?

Sisi watu wa vijijini tumezoea foleni. Kwenye mashine ya kusaga tunapanga madebe. Kisimani tunapanga ndoo. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa, awe mzee, awe mtoto aliyetumwa na mama yake, awe mwenyekiti wa kijiji. Ukimruka mwenzako utasikia maneno! Ni sheria nzuri. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu anaijua.

Sasa, kwenye chumba cha dharura cha hospitali sheria hiyo haifai. Huko inaweza kuua mtu. Kwa sababu hiyo hospitali zimeleta utaratibu mwingine, na utaratibu huo umewashangaza wengi na kuwakasirisha wengine. Mtu amefika tangu saa moja asubuhi, amekaa kwenye benchi. Saa nne anafika mwingine kwenye pikipiki, anaingizwa ndani moja kwa moja. Yule wa kwanza anasema moyoni, "Aha, kumbe huyo ana ndugu yake humu." Mwingine hasemi moyoni, anasema kwa sauti, na hapo ugomvi unaanza.

Je, ni kweli huyo ana ndugu yake? Hebu tuone.

BENCHI MOJA, WAGONJWA WATANO

Tuseme ni Jumatatu moja ya mwezi wa pili. Mvua zinanyesha, mbu ni wengi, na malaria imechachamaa. Kwenye benchi la hospitali ya wilaya wamekaa wagonjwa watano, kwa jinsi walivyofika.

Wa kwanza ni kijana aliyejikata kidole kwa panga. Amekifunga kwa kitambaa na damu imekoma, lakini kinamuuma sana naye anaugua kwa sauti. Wa pili ni bibi mwenye maumivu ya magoti. Magoti hayo yanamsumbua mwaka wa tatu sasa. Wa tatu ni baba mwenye homa tangu jana. Amekuja kwa miguu yake na anazungumza vizuri. Wa nne ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Sikio linamuuma, analia, anarusha miguu, hataki kushikwa na mtu yeyote. Watu wote wanamtazama na kumwonea huruma.

Wa tano, aliyefika mwisho, ni mama aliyebeba mtoto wa miaka miwili mgongoni. Mtoto amefunikwa kitenge. Ametulia kimya. Mama anamwambia jirani yake, "Usiku kucha alichemka homa. Sasa afadhali, amelala."

Kwa sheria ya mashine ya kusaga, mtoto huyu ataonwa mwisho. Kila mmoja wa wale wanne akitumia robo saa kwa tabibu, huyu atasubiri saa nzima.

Lakini nesi anapita kwenye benchi. Anafunua kitenge. Anaona mtoto anapumua haraka haraka. Anatazama viganja vyake, ni vyeupe kama karatasi. Anamwita, haitiki. Anamfinya, mtoto halii, anakunja mkono kidogo tu. Huyu hajalala. Amezimia. Malaria imemaliza damu yake. Ile saa nzima ya kusubiri, yeye hana.

Na yule mtoto wa sikio, anayelia mpaka kuta zinatikisika? Kwa nesi, kilio chake ni habari njema. Mtoto anayelia kwa nguvu anapumua vizuri, ana fahamu, na bado ana nguvu. Anaumwa, ndiyo, na atatibiwa. Lakini anaweza kusubiri.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, hata wale waliosoma sana. Tunadhani anayepiga kelele ndiye mgonjwa kuliko wote. Mara nyingi ni kinyume chake. Mtu aliye karibu na kufa hana nguvu ya kupiga kelele.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Kibondo na Kasulu. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2017, karibu robo ya watoto wa chini ya miaka 5 waliopimwa katika Mkoa wa Kigoma walikutwa na vijidudu vya malaria. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Kwa hiyo mtoto aliye kimya ndani ya kitenge siyo hadithi ya mbali.

KUCHAMBUA KAMA MAHARAGE

Manesi wana neno lao kwa kazi hii. Wanaiita triaji. Ni neno la Kifaransa, maana yake kuchambua. Zamani watu wa Ulaya walilitumia kwa kuchambua sufu na kahawa. Sisi tunaolima maharage tunaijua kazi hiyo: unamwaga maharage kwenye ungo, unayapekua kwa vidole, unatenga haya huku na haya kule. Tofauti ni hii, kwamba hospitalini hakuna punje inayotupwa. Kila mtu ataonwa. Kinachochambuliwa ni nani aonwe sasa hivi, nani aonwe baada ya muda mfupi, na nani anaweza kusubiri.

Kazi hii inafanyika mlangoni, kabla ya kuandikisha jina na kabla ya kwenda dirisha la malipo. Inachukua dakika chache tu. Nesi akimaliza anampa mgonjwa rangi. Rangi inaweza kuwa kadi, utepe wa mkononi au alama kwenye karatasi.

Nyekundu maana yake ni hatari ya kufa sasa hivi. Mgonjwa huyu hakai kwenye benchi hata dakika moja. Anaingizwa ndani, na kazi ya kumtibu inaanza papo hapo. Jina na karatasi vitafuata.

Njano maana yake ugonjwa ni mzito, lakini kuna muda kidogo. Huyu anawekwa mbele ya foleni, tena anatazamwa mara kwa mara.

Kijani maana yake mgonjwa anaweza kusubiri bila kudhurika. Kati ya watu wa kijani, sheria yetu ya kisimani inarudi: aliyetangulia kufika atatangulia kuonwa.

Hospitali nyingine huongeza rangi ya machungwa kati ya nyekundu na njano. Usibabaike. Fikra ni ile ile. Na kama hospitali uliyofika haitumii rangi, dalili za hatari ni hizi hizi tutakazoeleza, nawe unaweza kuzitaja kwa mdomo wako.

NESI ANATAZAMA NINI?

Nesi habahatishi. Anafuata mpango, na mpango wenyewe unaanza na jambo linaloua upesi zaidi.

Kwanza pumzi. Je, hewa inapita? Je, mgonjwa anakoroma kama mtu anayekabwa? Je, midomo au ulimi umekuwa wa bluu? Kwa mtoto, anamvua shati na kutazama kifua. Mtoto akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua inatakiwa kutoka nje. Ikiwa inaingia ndani, mapafu yana shida kubwa. Pia anahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Hesabu hii hata wewe unaweza kuifanya nyumbani kwa saa ya mkononi au ya simu, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa miezi 2 mpaka asiyefikia mwaka, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi asiyefikia miaka 5, ni 40 au zaidi. Zikifika hapo usingoje kesho. Kisomo na hesabu tulivyojifunza vina kazi yake hapa.

Siku hizi hospitali nyingi zina kifaa kidogo kinachobana kidole kama kibanio cha nguo. Kinaonyesha kama damu ina hewa ya kutosha. Hakiumizi na hakinyonyi damu. Usimzuie nesi kumwekea mtoto wako.

Pili damu. Nesi anashika mikono ya mgonjwa. Je, ni ya baridi wakati mwili una joto? Anabonyeza ukucha mpaka unakuwa mweupe, kisha anaachia. Rangi inatakiwa kurudi upesi. Ikichelewa zaidi ya sekunde tatu, ujue damu haifiki vizuri mwilini. Kama kuna jeraha linalovuja damu nyingi, huyo naye ni mtu wa nyekundu.

Tatu fahamu. Nesi anauliza maswali manne, moja baada ya jingine. Je, yuko macho? Kama hayuko macho, anaitika akiitwa? Kama haitiki, anasikia maumivu akifinywa? Au hasikii chochote? Kadiri unavyoshuka kwenye maswali hayo, ndivyo hatari inavyopanda. Mtoto au mtu mzima anayetetemeka kwa degedege anaingia ndani mara moja. Wapo wanaosema kwamba mtoto wa degedege akipigwa sindano atakufa, kwa hiyo wanampeleka kwingine kwanza. Maneno hayo yamewapoteza watoto wengi. Sindano siyo inayowaua. Wanakufa kwa sababu ya malaria kali au homa ya uti wa mgongo, iliyopewa siku nzima ya kufanya kazi yake.

Nne maji ya mwili. Mtoto anayeharisha na kutapika anatazamwa macho. Yamezama? Amelegea? Nesi anavuta ngozi ya tumbo na kuiachia. Ikikaa imekunjamana zaidi ya sekunde mbili, maji yamekwisha mwilini na mtoto huyu hawezi kusubiri.

Kuna wagonjwa wengine ambao hawana dalili hizi nne, lakini wanatangulizwa. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 ni mmoja wao, kwa kuwa mtoto wa umri huo hubadilika kwa muda mfupi sana. Mwingine ni mtoto aliyekonda mno au aliyevimba miguu yote miwili kwa utapiamlo. Mwingine ni aliyeungua moto sehemu kubwa, aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia mimea, aliyeumwa na nyoka, mwenye maumivu makali sana, na yule aliyeletwa na barua kutoka zahanati. Kwa watu wazima, nesi anawaangalia sana wenye maumivu ya kifua, waliopooza upande mmoja ghafla, na waliogongwa na pikipiki. Aliyegongwa anaweza kusimama na kusema, "Mimi mzima, niacheni niende." Kumbe damu inavuja ndani ya tumbo.

MAMA MJAMZITO

Mama mjamzito anayetokwa na damu, aliyepata kifafa cha mimba, anayeumwa kichwa sana na kuona maruweruwe, au aliyeshikwa na uchungu siku nzima bila kuzaa, hapaswi kukaa kwenye benchi la mtu yeyote. Kwa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, hata saa mbili zinatosha kumwua.

Mkoa wetu una historia ya kujivunia katika jambo hili, na ninashangaa kwamba haisimuliwi zaidi. Mwaka 1984, katika hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma mjini, akina mama waliokuwa wakifa kwa uzazi walikuwa wengi mno. Kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 933 walikufa. Yaani katika uzazi wa watoto 1,000, mama 9 hawakurudi nyumbani. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake wakakaa chini wakachunguza kila kifo: mama huyu alifika saa ngapi, alisubiri nini, nini kilikosekana? Wakafanya mabadiliko 22. Hawakujenga hospitali mpya. Mengi yalikuwa mambo ya gharama ndogo yanayotumia watu na vitu vilivyokuwepo hapo hapo. Ilipofika mwaka 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186, yaani mama wawili hivi kwa kila watoto 1,000.

Hilo halikuwa jambo la rangi wala kadi. Lakini linaonyesha kwamba watu wengi hufa hospitalini kwa kusubiri vibaya, na kwamba kusubiri vibaya kunaweza kurekebishwa.

UTARATIBU HUU ULITOKA WAPI?

Ulianzia vitani. Zaidi ya miaka 200 iliyopita kulikuwa na daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Dominique Jean Larrey. Aliwatibu majeruhi wa vita vya Napoleon. Larrey akaweka sheria kwamba aliyeumia sana atibiwe kwanza, bila kujali cheo chake wala taifa lake. Kuruti aliyekatika mguu alimtangulia ofisa aliyechubuka bega. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo!

Afrika nayo imefanya yake. Madaktari na manesi wa Afrika Kusini walianza kutunga mpango wao wa rangi mwaka 2004, na mpango huo ukaenea katika nchi nyingi. Kwa jirani zetu wa Malawi, katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, walibadilisha namna ya kupokea watoto wagonjwa. Zamani watoto wote walikaa foleni moja ndefu, na wengi walikufa siku ile ile waliyofika. Baadaye watoto wakawa wanachambuliwa mlangoni, na wale wa hatari wanatibiwa hapo hapo. Kabla ya mabadiliko, kati ya kila watoto 100 waliolazwa walikufa 10 hadi 18. Baada ya mabadiliko walikufa 6 hadi 8. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2006. Hebu hesabu mwenyewe ni watoto wangapi wamerudi kwa mama zao.

Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua mwaka 2010 idara kamili ya dharura, ya kwanza ya namna yake katika hospitali za umma nchini. Kuanzia mwaka 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa wakati wa UVIKO-19, Serikali ilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi, zikiwemo za wilaya. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa na Madaktari Wasio na Mipaka walitoa mpango mmoja rahisi wa rangi tatu, ndio huu tulioeleza hapo juu. Hao Madaktari Wasio na Mipaka watu wa Kibondo wanawafahamu. Ndio walioendesha hospitali katika kambi ya wakimbizi ya Nduta baada ya kambi hiyo kufunguliwa tena mwaka 2015, na wanavijiji wa jirani nao walitibiwa huko.

"LAKINI MIMI NIMEFIKA KWANZA!"

Turudi kwenye benchi letu. Yule baba mwenye homa amepewa kijani. Ameona mama wa mwisho ameingizwa ndani. Anasimama.

"Nesi, mimi nimefika hapa saa moja. Huyu mama amekuja sasa hivi tu."

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Lakini nijibu."

"Ni kweli mzee, umefika kwanza. Mtoto yule hana fahamu na damu imemwishia. Akingoja zamu hatafika zamu. Wewe nimekupima, pumzi yako nzuri, mapigo yako mazuri. Utaonwa. Ila ukisikia umezidiwa, usione haya, niite."

Mzee anakaa. Huenda hakufurahi, lakini ameelewa. Nesi aliyejibu hivyo amefanya nusu ya kazi. Nesi anayejibu, "Kaa chini, unajua wewe kuliko sisi?" anaharibu utaratibu wote, hata kama rangi aliyotoa ni sahihi. Mtu asiyeelezwa sababu ataitafuta mwenyewe, na atakayoipata ni "kujuana".

Na tuseme ukweli, kujuana kupo. Mtu anaona shemeji yake kwenye foleni, anampitisha mlango wa nyuma. Mwingine amekuja na gari, amevaa suti, watu wanampisha wenyewe. Mwingine anatoa kitu kidogo. Mambo hayo ndiyo yanayofanya watu wasiamini rangi. Kwa utaratibu huu, diwani mwenye mafua ni kijani. Mke wa daktari mwenye jino bovu ni kijani. Mkulima asiye na viatu, aliyeumwa na nyoka shambani, anawatangulia wote wawili. Ukiona mtu wa kijani anapitishwa juu ya njano, una haki ya kuuliza kwa heshima, na hospitali nyingi zina ofisi ya malalamiko au sanduku la maoni. Andika. Kalamu unayo.

KAZI YAKO WEWE MSOMAJI

Nesi anaona yale yaliyo mbele yake. Yale ya jana usiku unayajua wewe. Kwa hiyo ukifika mlangoni, sema jambo zito kwanza. Usianze na "Alianza kukohoa wiki iliyopita, tukampa dawa, halafu shangazi yake akasema..." Sema: "Mtoto amepata degedege mara mbili usiku." Sema: "Hajakojoa tangu jana." Sema: "Ana mimba ya miezi minane na damu inatoka." Habari nyingine zifuate. Na kama umempa dawa yoyote, ya dukani au ya mitishamba, itaje. Hakuna atakayekupeleka polisi, ila dawa hizo zinaweza kubadilisha matibabu.

Mfunue mtoto. Kitenge kinaficha pumzi, kinaficha rangi ya mwili, kinaficha usingizi usio usingizi.

Kama zahanati ya kijiji imekupa barua ya rufaa, ishike mkononi. Wengine wanaikunja na kuiweka chini ya kikapu, wanasubiri waulizwe. Barua hiyo ni sauti ya tabibu wa kijijini kwako. Inasema, "Huyu nimemshindwa, mtazameni haraka." Mpe nesi barua kabla ya kukaa.

Njiani pia kuna mambo. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi, na mkono usiachie mpaka mfike. Asiye na fahamu alazwe kwa ubavu, asipewe maji wala uji, maana vitaingia kwenye mapafu. Mtoto anayenyonya na mwenye fahamu aendelee kunyonya. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe na asifungwe kamba ya kubana. Avuliwe pete na bangili, mguu au mkono ulioumwa usichezeshwe, na abebwe. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga aliye hatarini, upo mpango wa usafiri wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Namba yake ni 115, na simu ni bure. Iandike mlangoni kwa mkaa kama huna kalamu.

Jambo jingine ni PF3, ile fomu ya polisi kwa walioumia katika ajali au kupigwa. Watu wameipa fomu hii nguvu kuliko inayostahili. Wapo waliombeba majeruhi anayetokwa damu mpaka kituo cha polisi, ati bila PF3 hatapokelewa. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali moja kwa moja. Uhai kwanza, fomu inafuata. Ndugu mmoja aende polisi wakati mwingine anatibiwa.

Na ukipewa kijani, je? Kaa, subiri, lakini usilale kabisa. Rangi siyo muhuri wa kudumu. Mgonjwa aliyekuwa kijani saa tatu anaweza kuwa nyekundu saa tano. Nesi anatakiwa kupita tena kuwaangalia wanaosubiri, lakini pengine yuko peke yake na wagonjwa ni 60. Ukiona pumzi ya mgonjwa wako imebadilika, ameanza kutapika, ameacha kujibu vizuri au jasho la baridi linamtoka, nyanyuka ukaseme. Usiogope kuonekana msumbufu. Ukiambiwa "subiri" nawe unaona kweli hali imebadilika, sema tena, taja dalili yenyewe: "Nesi, sasa haitiki nikimwita."

Fanya hivyo hata kwa mgonjwa usiyemjua. Pengine jirani yako kwenye benchi ni bibi aliyeletwa na mjukuu wa miaka tisa, na mjukuu hawezi kujua kwamba bibi ameanza kupoteza fahamu. Wewe umesoma dalili zake hapa. Nenda ukamwite nesi.